Donge la Machicha

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo nimechapa watoto wengi wa watu kwa kosa la kusema uongo. Natanguliza hilo ili anayesoma ajue mapema anasimuliwa na nani, asije akanihurumia bure.

Nilipostaafu nilishuka kuishi Kahe, kulekule nilikokuwa nafundisha, kwenye shamba la chini aliloliacha baba. Nyumba ya mlimani, kule Kirua, nilimwachia mke wangu Elinipendo na migomba yake. Napanda Jumamosi, nashuka Jumatatu. Haukupita mwaka watu wa Kahe wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya mto. Samaki walikuwa wanakwisha, na ni mimi niliyetoa hoja kwamba kilindi kilichopo chini ya mkuyu kifungwe miezi sita, kambare wapate kuzaa. Nilihutubia nusu saa nzima. Nikasema anayevua kwenye mazalio ni sawa na mkulima anayekula mbegu, na watu wakanipigia makofi.

Nisilowaambia ni kwamba kilindi kile nakijua tangu utoto. Enzi hizo kilikuwa ndani ya shamba la mkonge la mzungu mmoja, lenye mlinzi na mbwa, na baba yangu alikuwa mwizi wa samaki. Wachagga wengi wa rika lake walimwona samaki kama nyoka wa majini, hawakumtia mdomoni. Baba alikula kwa niaba yao wote.

Silaha yake ilikuwa chambo. Alichukua machicha ya mbege, yale yanayobaki pombe ikishachujwa, akayakamua na kuyaanika siku mbili mpaka yachachuke kabisa. Akachanganya na damu ya mbuzi iliyoganda, ndizi mbivu iliyopondeka na majivu kidogo ili ishikamane. Akafinyanga madonge ya ukubwa wa ngumi, akayafunga kwa jani kavu la mgomba, akayatia ndani ya mgono, ule mtego wa fito unaosukwa kama kapu. Kambare alikuwa anakuja mwenyewe, hata wa mbali. Harufu yake inakaa mkononi siku tatu, sabuni haiiwezi. Baba alinifundisha mimi tu, kwa sababu kaka yangu Jackson alikuwa anatapika.

Desemba iliyopita, kilindi kikiwa bado kimefungwa, Jackson alikuja kutoka Dar na wakwe zake, kama kila Mchagga anavyorudi nyumbani Krismasi. Mbuzi wa kwanza akachinjwa, kisusio, ile supu yetu ya damu, kikapikwa, mbege ikazunguka. Jackson akaanza kuwasimulia wakwe kambare wa baba, wa urefu wa mkono mzima. Kisha akanigeukia.

"Huyu mdogo wangu kamati imeshamfuga. Siku hizi hakamati hata chura."

Wakwe wakacheka. Nilikuwa na miaka sitini na minne, na masikio yakaniwaka kama ya mtoto aliyekosea hesabu ubaoni. Mtu mwenye akili angecheka nao, yakaisha. Mimi nikaenda nyuma ya jiko kutafuta machicha.

Tarehe ishirini na tatu, mchana, nilishuka Kahe na kuaga kwamba ni zamu yangu ya maji ya mfereji. Wakristo karibu wote walikuwa wameshapanda mlimani, na njia ya mtoni ilikuwa tupu. Nikatumbukiza mgono wa baba. Asubuhi yake nikautoa na kambare wawili. Nilipowapasua, mmoja alikuwa amejaa mayai tele. Niliyafukia chini ya mgomba, samaki nikampelekea kaka yangu, na nikasifiwa sana. Siku ya Krismasi nilipitisha mfuko wa sadaka kanisani, maana mimi pia ni mzee wa usharika, na kila nilipomnyooshea mtu ule mfuko niliomba asinuse vidole vyangu.

Nilichosahau ni donge moja, limefungwa vizuri, kwenye mizizi ya mkuyu.

Theodory, mlinzi wetu wa mto, alilikuta baada ya Mwaka Mpya. Mkutano ukaitishwa, akaliweka mezani mbele yangu. Lilinuka vilevile. Watu wakaulizana nani angeweza kufanya ushenzi huo, na mmoja akasema jambo lililoonekana la akili: Krismasi sisi sote tulikuwa mlimani, sasa huku chini alibaki nani? Vichwa vyote vikamgeukia Mussa.

Mussa ni mvuvi, nyumba yake iko hatua mia kutoka kilindini. Wazazi wake walitoka Majengo, mjini Moshi, wakahamia Kahe yeye akiwa mdogo, na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Alisimama bila hasira. Akasema kitu kile ni pombe na damu, na nyumbani kwake haviingii viwili hivyo. Mtu akamjibu kwamba wanaokula chambo ni samaki, si yeye, na watu wakacheka. Ndipo Mussa akanitazama.

"Mwalimu, wewe ni Mchagga. Harufu ya machicha unaijua. Waambie haya yanatoka kwa nani."

Nilivaa miwani, nikaivua.

"Harufu peke yake si ushahidi," nikasema.

Basi. Ilipoamuliwa atolewe kwenye kikundi cha wavuvi na vyombo vyake vichomwe, nilitia saini. Nyavu alizitoa mwenyewe ndani, akazikung'uta mchanga kwanza, kana kwamba anazipeleka kuuzwa. Nilisimama pale mpaka moto ukaisha kwa sababu mwenyekiti hawezi kuondoka. Toka siku hiyo anakata miwa kwa kibarua.

Wiki tatu sikulala vizuri, na nikajiona mtu mwema kwa kutolala. Mwishowe nikakumbuka isale. Kwetu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na anayeletewa hawezi kukataa, hata kama umemuulia ndugu. Nikakata tawi kwenye mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, nikalifunga kwenye gazeti ili njiani asilione mtu, nikaenda kwa Mussa Ijumaa, alipotoka msikitini. Mkewe, Mwantum, alikuwa jikoni anapepeta mchele. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikaingia.

Nilimwambia Mussa yote: mbege, damu, Jackson, mayai. Jiko halikuwa na mlango. Kule nyuma mchele ukaacha kupepetwa. Mussa akalipokea isale, akalitoa kwenye gazeti.

"Nimekulia kwenu, Mwalimu, isale nalijua. Halikataliwi. Nimekusamehe."

Nilijisikia mwepesi, nasema kweli. Nikainuka kuaga.

"Ila umelileta limefungwa gazeti," akasema. "Nyavu zangu zilichomwa mchana, watu wanatazama."

Hakuniomba kitu kingine. Alilipanda lile tawi mbele ya nyumba yake, pembeni mwa njia, na likashika. Kila apitaye anajua maana yake: hapa kuna mtu alikuja kuomba msamaha. Wanamuuliza ni nani, na yeye huwajibu kwamba mwenyewe yupo.

Jumanne iliyopita tulikuwa na mkutano. Tulipofika kwenye mengineyo, Theodory akasimama. Alisema tangu aone lile isale roho yake haitulii, na kama tulimwonea Mussa basi tuambiwe. Akamwomba Mussa amtaje aliyelileta. Mussa hakunitazama. Aliinamisha macho kwenye viatu vyake na kusubiri, na nilijua ananisubiri mimi. Aliniachia nafasi ya kutosha. Mtoto wa darasa la pili angeweza kulisema neno lile: mimi. Nilikwisha kufungua mdomo, na nikajisikia nikisema, kwa sauti yangu ileile ya darasani, kwamba hilo halimo kwenye ajenda.

Tukafunga kikao kwa sala. Niliiongoza mimi.

Kesho yake asubuhi nilipita njia ile kwenda shambani. Mwantum alikuwa anamwagilia isale kwa kopo. Tangu aolewe hapa, miaka kumi na tisa, hajawahi kunipita bila kuniamkia. Hata nikiwa mbali huweka ndoo chini kwanza. Nilipomkaribia aliinuka, akanyoosha mgongo, akanitazama usoni.

"Habari za asubuhi," akasema.

Nami, kwa mazoea, nilikuwa nimeshamjibu marahaba.