Mkwe Wangu na Sumaku Yake

Mkwe wangu ana adabu mpaka inakera. Tangu mwanangu amwoe hajawahi kuunguza chakula mbele yangu, hajawahi kunijibu ovyo, na akipiga chafya ananiomba radhi. Chai yangu huiandaa kama vile mimi ni mkaguzi wa serikali. Nampenda sana, lakini kuna siku natamani avunje japo kikombe.

Anafanya kazi maabara. Huko wanachunguza ugonjwa kama wangu, ule ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kumshambulia viungo. Mimi ni fundi cherehani, na vidole vilikuwa vimenivimba hata kutunga uzi nikashindwa. Daktari alishanipa dawa mpya, ila watafiti waliomba kwanza chembe zangu za kinga zikiwa hai, kabla sijameza kidonge hata kimoja. Nikishameza, zinabadilika na haziwafai tena. Aliyeniomba ni mkwe wangu, macho sakafuni.

Sindano ya nguo ni rafiki yangu. Ya hospitali hatupatani, na mwanangu hachoki kunitania kwa hilo. Lakini kwa ajili ya huyu binti nilikunja mkono wa gauni, nikafumba macho, nikatolewa damu. Kisha nikakaa kwenye benchi la korido, mbele ya dirisha la kioo, nimwone akifanya mambo yake.

Alishanieleza nyumbani. Damu ina chembe za kila aina zimechanganyika. Wanatia humo punje za chuma ndogo kuliko vumbi, zilizopakwa kitu kinachoshika aina fulani tu za chembe. Kichupa kikiwekwa kwenye sumaku, zilizoshikwa zinavutwa pembeni na kunata, na nyingine zinabaki kwenye maji. Nilimwelewa haraka, maana mimi mwenyewe huokota pini sakafuni kwa sumaku.

Basi nikamwona akiinamisha kichupa na kuyamimina maji kwenye chombo cha taka. Halafu akaganda pale pale, kichupa mkononi.

Alipotoka alikuwa ameshavua glavu. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, nimezimwaga."

Akanieleza taratibu. Kazi yao ya kila siku ni kuzinasa zile wanazozitaka. Chembe zangu za kinga zilitakiwa zisiguswe kabisa, kwa hiyo safari hii chuma kilipewa kazi ya kushika zisizotakiwa. Zilizotakiwa zilikuwa kwenye maji. Mkono ukafuata mazoea, na kwenye chombo cha taka kuna dawa isiyobakiza kitu hai.

Hakuna aliyemwona zaidi yangu, nami sikujua nilichokiona. Angeweza kuniambia damu imeharibika yenyewe, kisha na mkubwa wake akamwambia vivyo hivyo yeye mwenyewe. Nilimuuliza kama mkubwa anajua. Akasema bado, ameanza na mimi kwa sababu mimi ndiye niliyechomwa. Akasema nirudi tu nyumbani nikameze dawa yangu nipate nafuu. Yeye ataomba nitolewe kwenye utafiti na lawama zote atazibeba.

Nilimtazama alivyochuchumaa pale, na Mungu anisamehe, moyo wangu ulijaa furaha. Miaka yote hiyo namngoja huyu mtoto aniletee kitu kilichoharibika.

"Hata mimi ningemwaga," nikamwambia. "Nikishapata pini zangu, sakafu ya nini?"

"Mama, mishipa yako migumu. Watakuchoma tena na tena."

"Wanichome. Wewe nishike mkono."

Alikwenda kwanza kwa mkubwa wake. Mlango ulifungwa, ukakaa umefungwa, na nilikuwa tayari kuingia humo na kumwonyesha yule bwana mama mkwe ni mtu gani. Haikufika huko. Alitoka amenywea, lakini ruhusa anayo.

Muuguzi alihangaika na mkono wa pili mpaka nikasema maneno ambayo hata mwanangu hayajui. Mkwe wangu hakuniambia nijikaze. Alinishika juu ya kifundo cha mkono, mahali pasipouma, na sikuwahi kumwambia ni wapi.

Akarudi ndani. Nikamwona anasoma maelekezo kwa kidole, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Maji akayamimina kwenye kichupa kingine kisafi, akazisafisha chembe zilizomo, akaweka tone kwenye hadubini. Aliinama pale muda mrefu.

"Ziko hai," akasema alipotoka. "Nyingi, Mama. Sasa meza dawa yako."

Akajitupa kwenye benchi, koti jeupe na yote, akaegemeza kichwa begani kwangu bila kuomba ruhusa. Kabla sijamjibu alikuwa ameshasinzia, mdomo wazi. Bega lenyewe ni lile bovu, na lilikuwa linaniuma ile mbaya. Kidonge nilikuwa nacho mkobani, ila maji ya kunywa yalikuwa mwisho wa korido. Nikaona dawa ingoje kidogo.