Shimo la Mzungu Nyuma ya Migomba

Kila Jumapili gazeti moja la Nairobi lilichapa makala ya Zephaniah kuhusu wazungu waliovamia Kakamega miaka ya thelathini kusaka dhahabu. Aliyaandikia jikoni kwake Walthamstow, huko ng'ambo, akitoka zamu ya kutunza wazee. Wasomaji walimsifu mno, na tuseme ukweli, kichwa kilimvimba.

Makala yaliyosomwa kuliko yote aliyapata kwa Dinah, nesi mstaafu wa mtaa wa pili. Dinah alimsimulia jinsi baba mkwe wake alivyofukuzwa shambani, mzungu akachimba, akaiona dhahabu, kisha maji yakamshinda akaenda zake. Zephaniah akamng'ang'ania: shimo liko wapi hasa? Bibi wa watu, aliyemwona kama mwanawe, akamwelekeza: vuka daraja, pita kanisa la Friends, nyuma ya migomba, kando ya kaburi la mume wangu. Naye, kwa kiherehere cha kuonekana mjuzi, akayachapisha yote.

Dinah alikuwa na saratani, na madaktari walishamwambia dawa zimefika mwisho. Hakulia. Wakenya wenzake walikuwa wameahidi kumsafirisha nyumbani akifa, akalale kando ya mumewe, na ahadi hiyo ndiyo iliyompa usingizi.

Jumanne moja akampigia Zephaniah simu aje. Alimkuta kitini, amejifunika blanketi.

"Hillary amepiga kutoka nyumbani," alisema. Hillary ni mpwa wake. "Vijana wamekuja na majembe. Makala yako wanayo kwa simu. Lile shimo limejaa maji, kwa hivyo wakachimba pembeni."

"Pembeni wapi, Mama?"

Dinah aliielekezea kidole picha ya mumewe ukutani.

"Mifupa wameirusha kwa mchanga," alisema Dinah. "Hillary ameokota, lakini hajui kama ni ya mume wangu ama ya baba mkwe, aliyezikwa karibu naye. Na bado wanachimba. Polisi wamekuja, wakachukua chao wakaenda."

"Nitaongea na editor, Mama. Tutaandika story nyingine, tuwaambie wa-stop."

"Ndiyo waje wengi zaidi?"

Dinah hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Zephaniah kuliko matusi. Alianza kuomba msamaha, Dinah akamkatiza.

"Waambie wenzetu waachane na mambo ya ndege," Dinah alisema, akivuta blanketi. "Nitazikwa hapa hapa, peke yangu. Na wewe, mwanangu, tafadhali, usiandike ni wapi."