Kavindu Hapungui

Katika kiwanda kidogo cha Ndete, nyuma ya maghorofa ya mtaa wa Kware, sabuni ya kipande ililazwa kwenye rafu wiki nne ndipo ikauke na kuacha kuchubua mikono. Ndete, mtu asiyejua kungoja, alijaribu kila mbinu. Aliongeza moto. Aliagiza mafuta yaliyoganda yakatwe vipande vidogo vidogo. Akazidisha kostiki soda, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, hadi mkorogaji mmoja akaungua kidole. Kila mbinu iliokoa siku mbili tatu, basi.

Mwaka wa 1993 akaja Kavindu, kibarua kutoka Kitui. Alisimama kando ya rafu asubuhi, na kufikia chai ya saa nne sabuni ilikuwa tayari. Maziwa ya chai hiyo yalikuwa yameganda, kwa hiyo wafanyakazi wakahamia chai ya rangi. Kufuli la mlango lilikwisha kwa kutu ndani ya wiki. Ndete akanunua la shaba. Jumamosi Sundus, jirani wa Ndete, alimwazima Kavindu akae jikoni mwake, na unga wa mahamri uliumuka Sundus akiwa bado anatafuta mfuniko. Kavindu mwenyewe hakubadilika hata unywele.

Hilo ndilo lililomponza. Miaka mitatu ilipita bila kumwona mama yake, na hamu ikamkaba.

"Bosi, naomba likizo. Wiki moja tu, nimwone mwaitu."

Ndete alimpandisha kwenye mizani, kama alivyofanya kila mwaka. Kilo hamsini na nane.

"Si uko tu vile ulikuja? Likizo ni ya watu wanapungua, Kavindu. Wewe hupungui."

Hakuna aliyebisha. Mizani ilikuwa nzima.

Basi mama akaja mwenyewe, Jumatatu, na kapu la maembe mabichi. Kavindu alimkumbatia akalia, kisha akacheka, akafurahi hata akasahau kukasirika. Maembe yaliiva wakisalimiana. Mama akaketi karibu na masufuria, na sabuni iliyokuwa ikimiminwa ikakauka kabla haijajaza kalibu ya kuipa umbo.

"Nimekuja kukuchukua," mama alisema. "Twende nyumbani."

Ndete aliitazama sabuni, akamtazama mama. Akaingia stoo, akatoka na aproni mpya, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu kazini, mama," akasema kwa heshima zote.