Punje Nilizomtengea Ng'ombe

Kama una mtoto mdogo ndani na ng'ombe zizini, soma haya mpaka mwisho, hata kama sufuria iko jikoni. Shule mimi niliishia darasa la saba, na haya sikuyapata kwenye kitabu. Niliyaona kwa macho yangu, na nikiyakumbuka mpaka leo mwili unanisisimka.

Mwaka ule mvua ilitukuta mahindi yakiwa bado uani. Nilikuwa nimeyaanika juu ya udongo mtupu, maana turubai letu lilichanika na nilijiambia kwa jua lile siku mbili zinatosha. Ikanyesha siku nne. Tukayazoa na baba watoto, tukayarundika sebuleni, na jua liliporudi nikaingiza mkono ndani ya lundo nikakuta joto kama la mtu mwenye homa. Harufu yake ilikuwa ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Sasa kwa usafi mimi sina mchezo. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayetenganishwa naye na uzio tu, aliniita Mama Sabuni, na mtaa mzima ukafuata. Alikuwa akiwaambia watu kwamba nikimaliza kuoga huwa nayaosha na maji yenyewe. Kwa hiyo mahindi yale nilikaa nayo siku tatu na ungo mapajani, nachambua punje mojamoja. Yenye doa jeusi, pembeni. Yenye vumbi la kijani, pembeni. Iliyopasuka, pembeni. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka miwili, uji wake unatoka kwenye gunia hilo, na niliapa hatakula punje mbovu hata moja.

Hapo nilikuwa sawa. Kosa lilikuja baadaye, nalo ni hili: zile mbovu sikuzitupa. Ni nani kwetu anayetupa mahindi? Nilizipeleka mashineni zikaparazwa, nikawa namwekea ng'ombe kwenye hori kila asubuhi. Nilijiambia mnyama ana matumbo manne, kitu gani kitamshinda. Na kweli alinawiri. Maziwa yakaongezeka mpaka nikamwongezea mtoto kikombe cha pili cha jioni. Kwa furaha hiyohiyo nikampelekea wifi madebe mawili ya mahindi yale yaliyoparazwa, ampe ng'ombe wake. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia, akishindilia maziwa mchana na jioni ili mtoto apate ya kunyonya.

Maziwa yetu tulikuwa tunayapeleka kituo cha kukusanyia. Pale kuna msichana mpimaji, mwembamba, mpole, tulimpachika jina la Binti Vichupa, kwa sababu kabla ya kumimina ndoo yako kwenye tangi lazima achote kidogo atie kwenye kichupa chenye namba yako, akiweke kwenye friji. Tulimcheka sana. Tulimuuliza kama anafungua duka la manukato. Yeye alitabasamu tu na kuendelea kuchota. Namba yangu ilikuwa thelathini na saba.

Asubuhi moja tulikuta gari la kiwandani limesimama pale limejaa. Maziwa yetu ya siku iliyopita yamepimwa kwenye geti la kiwanda yakakataliwa. Binti Vichupa alitueleza kwamba yana sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa kwenye nafaka, na hayawezi kunywewa na mtu yeyote wala mnyama. Kisha koki ikafunguliwa yamwagwe kwenye shimo walilolichimba nyuma ya kituo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Jasho la nyumba zaidi ya sitini likitiririka, jeupe, linanukia vizuri, halina kosa lolote la kuonekana kwa jicho, linaingia ardhini. Hata wale wa kutania walikuwa wamekunja mikono.

Halafu Binti Vichupa akafungua friji.

Alivipima vichupa vyote, kimoja baada ya kingine, kutwa nzima. Vinne vilikuwa na sumu. Kilichoongoza kilikuwa thelathini na saba.

Kesho yake mchana alikuja kwangu na mkoba wake. Mimi nilikuwa tayari nimejipanga. Nilimwonyesha ndoo inavyong'aa, kitambaa cha kuchujia kilichoanikwa juani, sabuni ya kunawia, maji ya moto ya kuoshea kiwele. Nikamwambia maziwa ya mwanangu nayachemsha mpaka yanapanda mara mbili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama," akasema, "mikono yako haina kosa. Nionyeshe anachokula ng'ombe."

Nikampeleka stoo. Akachota konzi ya mahindi mabovu ambayo yalikuwa hayajaparazwa, akayatandaza kwenye sinia, akaniomba nifunge mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Giza likawa totoro ingawa nje ni saa nane mchana. Akatoa taa ndogo, mwanga wake wa zambarau, hafifu, hata sinia sikuliona vizuri. Akaisogeza.

Punje zikawaka.

Si zote. Hapa moja, pale mbili, kule kipande kilichopasuka, vikatoa mwanga wa manjano uliochanganyika na kijani, kama macho ya vitu vilivyokuwa vimelala humo na sasa vinanitazama. Mahindi yangu mwenyewe, niliyoyalima, niliyoyashika kwa vidole hivi siku tatu. Nilihisi kama mtu aliyeishi na mgeni chumbani miezi miwili bila kujua.

Binti Vichupa alinionya nisiitegemee ile taa. Alisema inaonyesha dalili tu, na punje isiyowaka inaweza kuwa na sumu vilevile. Ndiyo maana wanapima. Nikamuuliza mbona ng'ombe ni mzima na maziwa yameongezeka. Akajibu kwamba ukimlisha ng'ombe mahindi lazima aongeze maziwa, yawe mazuri yawe mabaya.

"Sumu inatoka kwenye punje, inaingia kwa ng'ombe, na nyingine inatokea kwenye maziwa," akasema. "Haina rangi wala harufu. Ukiichemsha kutwa haiondoki. Mama naye akinywa maziwa hayo, inaweza kupita mpaka kwenye ziwa lake."

Niliwaza njia hiyo yote, kutoka uani kwangu mpaka mdomoni mwa mtoto, kila mlango inapita na hakuna anayeiona. Mimi nilidhani nimeitoa nyumbani kwa ungo. Kumbe niliizungusha nyuma ikarudi kikombeni.

Akaniuliza kama mahindi yale yalikwenda kwingine. Nikasema hakuna.

Sijui niseme nini kuhusu jibu lile. Niliona sura ya wifi, nikasikia kicheko chake, Mama Sabuni amewalisha watu sumu, na ulimi ukatangulia. Wifi hapeleki maziwa kituoni. Hana kichupa. Kama mimi nisingesema, hakuna binadamu angejua, si leo, si milele.

Binti Vichupa aliniagiza nikome kumlisha ng'ombe mahindi yale, nimwage maziwa mpaka atakapopima tena siku ya tano, na nimpeleke mtoto zahanati. Alipotoka nilimbeba kitinda mimba wangu mbiombio. Muuguzi alimpima uzito, akamtazama macho, akasema yuko vizuri, ila sumu hii huumiza ini polepole na kudumaza watoto, na dawa ya kwanza ni kuacha. Nilirudi nimemkumbatia kama nimemwokota njiani.

Jioni mtoto akanyoosha kikombe chake akidai maziwa. Nikamnyima, akalia. Katikati ya kilio chake nikasikia ng'ambo ya uzio sufuria ikigongwa na wifi akimwita binti yake: maziwa yamepoa, njoo unywe mtoto apate kushiba.

Miguu ilinipeleka kabla sijaamua. Nilimkuta binti ameketi kwenye mkeka, kichanga ziwani, kikombe mkononi, mvuke unapanda. Nilikichukua kikombe kile mkononi mwake bila salamu. Wifi akaniuliza kama leo nimekuja kuosha na maziwa.

"Wifi, yale madebe mawili yana sumu," nikasema. "Ndiyo iliyoyamwaga maziwa ya kituo. Nimeulizwa leo kama nilimpa mtu, nikakataa."

Nilisubiri matusi. Wifi alimtazama yule kichanga, aliyekuwa akinyonya kwa nguvu, vidole vikifumba na kufumbua, hana habari na dunia. Kisha akainuka, akachukua sufuria, akaenda kuimwaga kwenye shimo la taka. Akarudi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama binti aache kunyonyesha. Nikamwambia hilo sijui, twende kwa anayejua. Tulikwenda zahanati sote watatu na kichanga mgongoni, kabla haijafungwa. Muuguzi akasema aendelee kunyonyesha, maziwa yale ndiyo asiyaguse.

Kesho yake nilimfuata Binti Vichupa nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alichukua kichupa kipya akakiandika namba ya wifi. Punje zote, zilizoparazwa na zilizobaki, tukazichimbia mbali na kisima, mbali na kuku.

Siku ya tano tulisimama mbele ya meza yake, mimi na wifi, kama watoto wanaosubiri matokeo. Anatumia kijikaratasi chembamba anachokitumbukiza kwenye maziwa. Mstari mmoja ni sumu, miwili ni salama. Mstari wa kwanza ulitokea upesi kwenye vyote viwili. Nilisikia friji ikinguruma. Ukatokea wa pili kwenye cha wifi, mwekundu kabisa. Changu kikabaki na mmoja kitambo, ndipo wa pili ukaja taratibu sana, kama mtu anayechungulia kwanza kabla ya kuingia.

Wifi akashusha pumzi. "Mama Sabuni," akasema, "mwakani turubai nakununulia mimi."

Mpaka sasa hapeleki maziwa kituoni, lakini kila wiki anapeleka kichupa. Nami nawaandikia nyinyi msio na kituo wala taa. Usianike mahindi kwenye udongo. Yaliyooza usimpe ng'ombe, usimpe kuku, usimpe jirani. Na kama umeshampa, nenda leo, kabla hajachemsha maziwa.