Mchuzi Usioguswa na Upawa

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Bilbao, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, kwa likizo ya kujifunza mapishi. Hapakuwa na ndege wala pasipoti. Nilifungua mlango wa bafu langu Tanga, mvua ya huko ikaninyeshea.

Mwongozaji wangu alikuwa ng'onda wa chewa, samaki mkavu wa chumvi, mrefu kama mimi, amevaa kofia bapa nyeusi. Alinipeleka kwenye chama cha wapishi. Wabaski wana vyama hivyo: wanachama hukutana katika jiko moja, wakapika na kula pamoja.

"Hapa kila anayepika ana mtu wake wa kumlisha," alisema ng'onda. "Wako yule pale."

Mezani ameketi mama yangu, Bi Mwanasha. Tulimzika masika yaliyopita. Hospitalini alikataa kila chakula tulichompelekea, akafa na njaa.

"Mmekaa mnapiga soga na mimi sijala?" anasema.

Ng'onda ananieleza. Yeye atalala kwenye kikaango cha udongo, ndani ya mafuta ya zeituni yenye kitunguu saumu. Nikikizungusha kikaango bila kutia kijiko, ute wa ngozi yake utashikana na mafuta na kuwa mchuzi mzito.

"Mchuzi ukishikana, bibi atakaa ale. Ukitengana, nanyi mtatengana."

Nikasema nimeelewa. Lilikuwa jambo la kemia.

Anavua kofia, anaitundika ukutani, anajilaza kwenye mafuta. "Moto mdogo. Na usinionee huruma, utanichelewesha."

Nazungusha kikaango. Jiko nalo linazunguka. Linapita juu ya kilima chenye kondoo, linapita makaburini kwetu, linarudi. Hakuna kinachomwagika. Mafuta yanaanza kuwa meupe.

"Hebu koroga!" anasema mama. "Nani kakufundisha kupika kwa kupepeta? Litakatika hilo tui."

"Si tui, mama. Ni mafuta na ngozi ya samaki."

"Jeupe, zito, liko motoni. Leo unanifundisha mimi tui?"

Kwetu tui hukorogwa kwa upawa mfululizo mpaka lichemke; likiachwa, linakatika. Yeye ndiye aliyenifundisha, na alikuwa sahihi. Ila hapa kanuni ilikuwa nyingine.

"Nakuomba, mama. Kaa ule kwanza."

"Bibi," anasema ng'onda kutoka kikaangoni, "mwache mtoto."

"Wewe nyamaza, unaiva."

Mchuzi unashikana. Namwekea mama kipande kwenye sahani, nageuka kumkatia mkate. Nikigeuka tena, amesimama jikoni na upawa. Anachota na kumimina, anachota na kumimina, polepole, kwa ustadi, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mafuta yanakwenda upande mmoja, ute upande mwingine.

"Limekatika," anasema. Kisha upawa unaning'inia hewani bila mkono.

Sahani ilikuwa tupu. Sikujua kama alikula, au kama chakula kiliondoka pamoja naye. Ng'onda alikuwa vipande, hakuweza kujibu. Nikaiuliza kofia yake.

"Mimi nilitundikwa nikielekea ukutani," ilisema.

Niliamka kumekucha. Kwenye foronya, karibu na shavu langu, palikuwa na mwiba wa samaki, umenyonywa mpaka ukawa mweupe. Mimi miiba huitupa. Mama ndiye aliyekuwa akiinyonya.