Ng'ambo ya Barabara, Ndani ya Ngano

Nyumba ya Bibi Verna iko jimbo la Washington. Sanduku lake la barua liko jimbo la pili, Idaho. Katikati pana barabara ya changarawe, nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakipishana moja lazima likanyage majani. Kwa miaka tisa niliyoishi pale sikuwahi kuuona mpaka wenyewe. Hakuna ukuta, hakuna waya, hakuna hata rangi chini. Kila asubuhi kuku walivuka kwenda kutaga kwenye ngano, na Bibi alikuwa akiniita toka jikoni, "Nelda, hebu nenda Idaho ukaniletee mayai."

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba yangu aliendesha mashine za kuvunia, na familia yetu ilifuata mavuno kutoka Texas kupanda kaskazini kila mwaka. Shule niliiacha darasa la tano, kwenye mji ambao jina lake silikumbuki. Kundi la Baba lilipotaka kuondoka kwa Bibi Verna, yeye alimwambia, "Huyu mwache hapa. Anakula kidogo na haongei ovyo. Mtu kama huyo nimemtafuta maisha yangu yote." Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini sikuwahi kuwa na mwingine.

Mwezi wa Desemba Orrin, mtoto wa jirani, aliniomba tuoane. Nilimjibu mwezi wa Machi. Si kwamba sikutaka. Neno lilikataa kutoka tu. Harusi tukaipanga Oktoba, kwa sababu kwetu hakuna anayeoa wakati wa mavuno. Bibi alitoa sharti moja.

"Kiapo chako nitakisikia kwa masikio yangu mwenyewe," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikikutegea sikio unavyonong'ona. Siku hiyo nataka nikusikie."

Nikamwahidi.

Agosti, siku ya Jumatatu, muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alinivuta ukumbini. Aliniambia kwamba moyo wa Bibi umechoka kabisa. Zimebaki siku mbili, labda tatu. Oktoba ilikuwa mbali kama mwezi wa angani.

Kesho yake asubuhi Orrin alipiga simu ofisi ya wilaya yetu, upande wa Washington. Karani, mama mmoja, akamwambia kibali cha ndoa tunaweza kukichukua siku hiyohiyo, lakini hakitafanya kazi mpaka siku tatu zipite. Orrin alimsihi. Yule mama alikuwa mpole, na alisikitika kweli, lakini hata yeye hakuwa na ruhusa ya kuzipunguza. Nilizistaajabia siku tatu zile. Nadhani aliyeziweka alitaka watu wafikiri kwanza. Mimi nilikuwa nimefikiri majira mazima ya baridi.

"Idaho hawangoji," Orrin alisema huku akichukua funguo. "Binamu yangu alioa kule kati ya chakula cha mchana na cha jioni."

Tukaenda na pikapu yake. Karani wa kule alituuliza majina na tarehe za kuzaliwa, akatupa karatasi tuweke sahihi. Mimi husoma polepole, nikaona aibu kumweka mtu akinisubiri. Orrin alikuwa anatazama saa. Tukaweka sahihi. Nilirudi na kile kibali kwenye bahasha, nimekipakata kwa mikono miwili kama yai.

Tulipokaribia nyumbani tuliona vumbi. Kwetu mtu akiugua na ngano yake imeiva, majirani huacha mashamba yao wakaja na mashine zao kumvunia. Siku hiyo walikuja na mashine kumi na moja. Zilikuwa zikipanda na kushuka vilima vya shamba la ng'ambo ya barabara, na dirisha la Bibi lilikuwa likitetemeka.

Mchungaji Kvamme alikuwa ameshafika, amevaa kola yake ya Jumapili, jasho linamtiririka. Bibi alikuwa amelala kando ya dirisha, amevaa gauni lake la buluu, mpira wa oksijeni puani. Nilikuwa nimemchana nywele kabla ya kuondoka. Aliponiona alinyoosha vidole viwili, nikavishika.

Mchungaji akavaa miwani na kuisoma karatasi yetu mpaka chini kabisa. Kisha akairudia.

"Orrin, hiki ni cha Idaho."

"Ndiyo, Mchungaji. Tumekipata leo hii, wino haujakauka."

"Na hapa ni wapi?"

"Chumbani kwa Bibi Verna."

"Mwanangu, chumba cha Bibi Verna kiko jimbo gani?"

Orrin akageuka, akaitazama barabara.

"Kibali cha Idaho hufungisha ndoa ndani ya Idaho tu," Mchungaji alisema taratibu. "Imeandikwa hapa chini. Nikiwafungisha humu, nitakuwa nimeomba dua nzuri, basi. Hamtakuwa mume na mke."

Ni kosa letu sisi watu wa mpakani. Petroli tunanunua upande huu, kanisani tunakwenda upande ule, ngano ya Bibi inaota pande zote mbili na mvua hainyeshei upande mmoja. Mstari ule tulikuwa tumeusahau kama mtu anavyosahau pumzi yake. Sasa nikaona nguvu yake. Haukuonekana, lakini ulikuwa umesimama kati yangu na ahadi yangu.

"Mchungaji," Bibi alisema akiwa amefumba macho, "huwezi kufumba jicho moja?"

"Nikilifumba, Verna, hawa watoto ndio watakaoumia."

"Nimebishana na mvua ya mawe. Nimebishana na nzige. Leo nabishana na mstari ambao hata kuku hawauoni."

Nikatazama dirishani. Kuku mwekundu alikuwa akivuka barabara. Alisimama katikati, akadonoa kitu, akaendelea na safari yake.

"Kuku anavuka," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena.

"Unasemaje?" Orrin akaniuliza.

"Kuku anavuka. Na Bibi avuke."

Mchungaji akatazama kitanda, mtungi wa hewa, kisha uso wa Bibi.

"Anaweza kufia njiani," alisema kwa sauti ya chini.

"Mchungaji, hata humu ninakufa," Bibi alisema. "Kule angalau kuna upepo."

Kitanda kilikuwa na magurudumu, lakini magurudumu yale hayangekwenda kwenye changarawe. Walihitajika wanaume wa kukibeba, na wanaume wote walikuwa ndani ya mashine. Upande wa magharibi wingu jeusi lilikuwa limeanza kupanda. Kwetu, ngano ikiwa imesimama na wingu likija, hakuna anayesimamisha mashine, hata kwa msiba. Orrin akaelekea mlangoni.

"Si wewe," Bibi akamzuia. "Yeye ndiye aende."

"Bibi, mimi?"

"Kama huwezi kusema na Gus, hicho kiapo utakisemaje?"

Gus Dahlquist ndiye aliyeongoza mavuno siku hiyo. Ana sauti ya fahali, na kwa miaka tisa nilikuwa nikimpelekea kahawa bila kumwambia zaidi ya "karibu". Nilivuka barabara nikaingia kwenye mabua. Mashine yake ilikuwa inanijia, pana kama nyumba, visu vinazunguka. Nikasimama mbele yake, nikainua mkono.

Ilisimama hatua chache kutoka nilipokuwa. Mlango ukafunguka juu.

"Wewe binti! Unataka nikutie kwenye tangi pamoja na ngano?"

Nikamweleza. Akaweka mkono sikioni. Mngurumo ulikuwa mkubwa. Nikarudia kwa nguvu. Bado. Akazima injini, na mara ya tatu neno lilitoka lote, tena nikiwa napiga kelele bila haja, mbele ya mtu aliye kimya: "Tunataka kumvusha Bibi Verna aje asikie nikiolewa!"

Gus akalitazama wingu. Akaitazama nyumba. Akachukua redio.

"Zimeni zote."

"Gus," sauti moja ilijibu, "lile wingu unaliona?"

"Ninaliona. Zima."

Zikaanza kuzima, moja baada ya nyingine, ya bondeni, ya kilimani, mpaka ile ya mwisho niliyoiona ndogo kama kobe kwenye ukingo wa anga. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Nilisikia masuke makavu yakisuguana, ekari kwa ekari, kama watu wengi wakivuta pumzi pamoja. Nilimsikia ndege. Nilimsikia Bibi akikohoa ndani ya nyumba, jimbo jingine. Nikapata hofu, ile hofu ya kanisani, nikavua kofia bila kujua kwa nini.

Wanaume wanane walikiinua kitanda wakakipitisha mlango wa nyuma. Mchungaji alikuja nyuma yao, mtungi wa hewa kwapa hili, Biblia kwapa lile.

"Polepole, msimtikise," Orrin alikuwa akisema.

"Wewe nyamaza, bwana harusi," Gus akamwambia. "Tumekwisha kuujua ujanja wako. Umeona shamba ni kubwa, ukaamua uoe ukwepe kazi."

Walicheka kwa pumzi fupi, maana kitanda kilikuwa kizito. Katikati ya barabara mmoja akauliza mpaka uko wapi hasa. Mwingine akasema ni hapo walipo, mwingine akasema ni kwenye mtaro.

"Twendeni ndani hatua ishirini," Mchungaji alisema, "nisije nikafungisha nusu ndoa."

Wakafuata njia iliyokatwa na mashine ya Gus, wakakitua kitanda pale mashine iliposimama. Ngano ilisimama pande zote mbili kama kuta za chumba kisicho na paa. Bibi hakuwa ametoka nje tangu Aprili. Alifumbua macho, akatazama juu, akatazama masuke, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika.

Mchungaji akaanza. Orrin alisema kiapo chake. Ikawa zamu yangu. Nyuma ya kitanda walikuwepo wanaume wamevua kofia, nyuso zao nyeusi kwa vumbi, na majirani wengine walikuwa wamesimamisha malori barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kwa watu watatu chumbani. Nilisema kiapo changu chote, hakuna neno lililopotea.

"Sijasikia," Bibi akasema.

Gus alinong'ona nyuma yangu, "Mama huyu anasikia panya aliye ghalani."

Nikakisema tena kuanzia mwanzo, nikimtazama yeye, na safari hii sauti yangu ilinitoka ikaenda zake. Niliisikia ikigonga kilima na kurudi. Sikujua kwamba nina sauti ya kufika mbali hivyo.

"Hapo sasa," Bibi alisema.

Mchungaji alipomaliza, Bibi alinyoosha mkono akavunja suke moja. Akalipikicha kwenye kiganja, akapuliza makapi, akatia punje mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Wanaume wote walimngoja, maana ndivyo wakulima wetu wanavyoijua ngano, kwa kuitafuna, na yeye alikuwa ameijua kuliko wote waliokuwa pale.

"Imekauka," alisema. "Mnangoja nini?"

Wakakimbilia mashine zao. Bibi alikataa kurudishwa ndani. Tuliketi naye kando ya barabara, upande wa Idaho, Orrin ameshika mtungi, mpaka ngano yote ikaisha. Wingu lilipita kaskazini.

Siku tatu za Washington zingetimia Ijumaa. Alhamisi kulipokucha nilikaa kando ya kitanda nimeshika vidole vyake, na pumzi zake zilikuwa zikija mojamoja, kwa nafasi. Nilimwita jina lake. Nilimwita kwa sauti, ili asikie. Akavibana vidole vyangu mara moja, kisha akaviachia. Nje kuku walikuwa wameshavuka.