Majirani Wanakuitaje?

Mimi si mtu wa kusifu watu. Mke wangu atakuambia kwamba hata chakula chake nakisifu kwa kunyamaza na kusogeza sahani niongezewe. Lakini yupo mwanamke mmoja, Apiyo, ambaye nikimtaja lazima nimsifu, na asiyetaka kusikia na azibe masikio.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2008 nilikuwa na duka la saiba mtaani Pioneer, hapa Eldoret, lenye kompyuta chache na wateja wachache zaidi. Apiyo alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja mjini, nacho kilikuwa kimefungwa tangu fujo za uchaguzi zilipoanza. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, na siku zile watu wa kwao waliweza kutembea hapa mjini bila kunyang'anywa kitambulisho ili jina lao lisomwe. Angeweza kukaa nyumbani kwake asubiri mambo yatulie. Badala yake alikuja dukani kwangu, akachagua kompyuta yangu nzuri kuliko zote, akasema anaihitaji kule uwanja wa maonyesho.

"Unaihitaji ama unaiomba?" nikamuuliza.

"Nikiomba utakataa, Mzee Shitanda. Kwa hivyo naihitaji."

Nikaibeba mimi mwenyewe, huku nikinung'unika njia nzima.

Uwanja wa maonyesho, ambako miaka mingine tulikuwa tukienda kutazama ng'ombe wa maziwa, ulikuwa umejaa mahema. Watu walikimbia kila mmoja na njia yake. Baba yuko hapa, mke yuko kwenye ua wa kanisa fulani, watoto hawajulikani waliko. Kila kambi ilikuwa na karatasi zake za majina, na mtu akimtafuta wake ilibidi apekue karatasi hizo zote, kambi baada ya kambi, na barabara zenyewe hazipitiki. Apiyo alitaka majina yote yaingie mahali pamoja, mtu aulize mara moja ajibiwe.

Alinieleza kwa namna ambayo hata mimi nilielewa. Hifadhidata ni stoo, na programu ni muuzaji wa kaunta. Mteja haingii stoo. Anamwambia muuzaji anachotaka, naye anaingia nyuma na kumletea. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha huyo muuzaji njia ya kufika stoo.

Siku ya kwanza muuzaji alipotea njia. Apiyo alikuwa ameiunganisha programu na hifadhidata pale dukani kwangu, ikafanya kazi vizuri, tukanywa chai kwa furaha. Tulipofika uwanjani akaihamishia hifadhidata kwenye folda nyingine, akasahau kuiambia programu. Watu wamepanga foleni kwenye jua, yeye anabonyeza, kompyuta inajibu kwamba haioni chochote. Mimi ningesingizia umeme. Yeye alisimama mbele ya foleni nzima akasema, "Kosa ni langu. Nipeni muda kidogo nirekebishe." Akaketi, akaandika upya anwani ya ile folda, akabonyeza tena, majina yakashuka kwenye skrini. Nilianza kumheshimu hapo.

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Wacera. Alikuwa na kibanda cha mboga mtaani Huruma, na alipanga chumba kwenye ploti ya mtu aitwaye Murunga, zile ploti za vyumba vinavyotazamana, bomba moja, kamba moja ya nguo. Siku ploti hiyo ilipochomwa yeye alikuwa sokoni. Alimwacha binti yake, Njeri, wa darasa la pili, akicheza uani. Aliporudi alikuta kuta nyeusi. Mtu mmoja barabarani alimwambia kwamba alimwona mtoto ameshikwa mkono na jirani, wakikimbia. Hilo tu ndilo Wacera alilokuwa nalo.

Apiyo akaandika Njeri. Wakaja Njeri kadhaa, na Wacera akawakataa wote: huyu ni mtu mzima, huyu ana ndugu watatu, huyu ametoka Burnt Forest.

"Tumtafute huyo jirani," Apiyo akasema. "Anaitwa nani?"

"Mama Marvin."

"Jina yake, Mama. Ile ya kitambulisho."

Wacera akatikisa kichwa. "Tumekaa na yeye miaka. Nikikosa chumvi ni kwake, akiugua ni mimi nampikia. Lakini jina yake sijui. Ni Mama Marvin tu. Bwana yake ni Baba Marvin, anafanya kazi shamba ya watu huko mbali."

"Marvin mwenyewe je?"

"Alipelekwa kwa nyanya yake asome huko. Tangu mwaka jana."

Kwa hiyo hata Marvin hakuwamo kwenye karatasi zozote. Wacera akainama, akaanza kulia bila sauti, na nasema wazi kwamba mimi nilitoka nje ya hema kwa sababu sikuweza kumtazama.

Niliporudi Apiyo alikuwa ameigeukia foleni. Alikuwa anawauliza wengine, mmoja mmoja, wanamtafuta nani. Mama Sharon. Baba Kim. Mama wa mapacha wa karibu na posho mill. Fomu tuliyokuwa tunajaza ilinakiliwa kutoka ofisi ya serikali, na iliuliza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba yake, na kabila. Nani kwenye ploti za Huruma anamjua jirani yake kwa kitambulisho? Ukishazaa, jina lako linawekwa kabatini na unaitwa kwa mtoto. Hata mimi, majirani waliokula mezani kwangu wangeulizwa jina la mke wangu wangekwama.

Mwenyekiti wa waliojitolea, bwana Kabiru, mtu mwema lakini wa kupenda utaratibu, alipinga. "Mwalimu, hiyo Mama Fulani si data. Tutachekwa."

"Wacha tuchekwe," Apiyo akajibu. Akaigeuza kompyuta ili watu waone, akaondoa safu ya kabila mbele ya macho yao, ikafutika. Nyuma kwenye foleni mzee mmoja akavua kofia yake. Kisha Apiyo akaongeza safu mbili. Moja iliuliza ulikuwa unaishi ploti ya nani. Nyingine iliuliza: Majirani wanakuitaje?

Kuziongeza kwenye kompyuta ilikuwa kazi ya muda mfupi. Kuzijaza ndiyo iliyokuwa kazi. Ilibidi kila kambi iulize upya, na waandikishaji walikuwa wamechoka, na mimi nilisema hivyo kwa sauti. Apiyo hakubishana nami. Alipanda lori za misaada kwenda kambi moja baada ya nyingine, fomu mpya kwapani, na alirudi na vumbi hadi kwenye kope. Kule alikoshindwa kufika alipiga simu, akabembeleza, akapiga tena. Kuna watu wanaosaidia ili waonekane. Huyu hata picha hakupigwa.

Majibu yakaanza kuja na flash disk mifukoni mwa wachungaji na madereva. Asubuhi moja Apiyo alituma mtu amwite Wacera. Aliandika Mama Marvin, akaandika Murunga, Huruma, akabonyeza. Muuzaji akaenda stoo, akarudi na mstari mmoja tu.

Rosebella Kituyi. Ua wa kanisa, Cheptiret. Yuko na mume wake, mvulana wao mdogo, na msichana mmoja anayeitwa Marion.

Wacera aliusoma mara mbili. "Ni yeye, lakini hana Njeri. Ameandika Marion."

"Mama Marvin ana msichana?" Apiyo akauliza polepole.

"Hana. Yeye ana vijana tu. Kila siku ananiambia nimpe Njeri awe wa—"

Akaweka kidole kwenye neno Marion. Sote tukasogea karibu na skrini, hata Kabiru. Barabara ya Cheptiret siku zile ilikuwa na vizuizi vya magogo, na vijana waliokuwa wakichungulia kila gari na kuuliza kila mtu jina lake. Mtoto aitwaye Njeri, jina linalotaja kabila lake papo hapo, asingepita. Yule mwanamke, akimfuata mume wake, alikuwa amempa mtoto wa jirani jina jingine, akamfanya wake, akampitisha.

Katibu wa kanisa lile alikuwa na simu. Niliweka salio langu, na safari hii sikunung'unika. Tulingoja wakati wanamwita Mama Marvin, kisha tukasikia sauti yake ya haraka, ikisema yuko mzima, yuko mzima, ngoja nimpe. Wacera aliishika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeweka sauti ya juu, kwa hiyo tulisikia wote.

"Haloo. Mimi naitwa Marion."

"Ni mimi," Wacera akasema. "Ni mum."

Kisha, kwa sauti ya mtoto anayekariri alichofundishwa: "Mimi naitwa Marion. Baba yangu ni Kituyi."

"Ni mum, mami. Wa kibanda. Niliacha nimekusuka nusu ya kichwa."

Tukasikia pumzi ikivutwa. Kule mwisho wa simu mtoto aliteremsha sauti hadi ikawa mnong'ono.

"Mum, sasa naweza kusema jina yangu?"

Apiyo alikuwa tayari ameweka vidole kwenye kibodi ili asahihishe ule mstari, afute Marion aandike Njeri. Akaviondoa. Aliuacha jinsi ulivyokuwa hadi barabara ilipotulia, na Mama Marvin akamleta mtoto mwenyewe mpaka mlangoni mwa hema, nywele zote zimesukwa. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua kama siku hiyo itafika, na magogo bado yalikuwa barabarani. Wacera alitutazama mmoja mmoja. Akapangusa uso kwa kiganja, akaikaza sauti yake.

"Bado, Marion," akasema. "Sasa mpe mama yako simu."